Siku Waliyomnyang'anya Malkia

Wako watu wanaodhani kwamba sikukuu ya taifa ni karatasi. Waziri hutia sahihi, Gazeti Rasmi la Serikali huchapishwa, ofisi hufungwa, watoto hubaki nyumbani, na kwa hayo, wasema, taifa limekwisha kupata sikukuu. Wako na wengine, nao aghalabu ni vijana wenye maneno makali, wanaodhani kwamba siku yoyote iliyoletwa na mkoloni ni najisi, haifai ila kufutwa katika kalenda. Makundi haya mawili hugombana kila mwaka, na kumbe yamekubaliana katika jambo moja: yote yaamini kwamba siku ni mali ya yule aliyeitangaza. Mimi nasema si mali yake. Na kwa kuwa mbishi hudaiwa shahidi, shahidi wangu ni nchi ndogo mno, iliyo mbali nasi, ambayo huenda wewe msomaji umeisikia kwa sababu ya kaptura zake tu.

Nchi hiyo ni Bermuda. Watu huiita kisiwa, lakini kwa kweli ni mkusanyiko wa visiwa vingi vidogo, vile vikubwa vikiwa vimeunganishwa kwa madaraja, katika Bahari ya Atlantiki, kilomita 1,000 hivi kutoka pwani ya Marekani. Eneo lake lote ni kilomita za mraba zipatazo 54, na wakazi wake ni kama 64,000. Haina mto hata mmoja. Watu hunywa maji ya mvua yanayokingwa na mapaa meupe ya nyumba zao. Hata leo iko chini ya Uingereza, jambo ambalo wapinzani wangu watanitupia usoni baadaye, nami nitalijibu.

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei, nchi hiyo huadhimisha Siku ya Bermuda. Ni sikukuu ya urithi wa wenyeji, na papo hapo ni siku ya kufunguliwa kwa majira ya joto. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatuna budi kulifikiri jambo hili kidogo, maana kwetu jua halipigi hodi. Majira yetu ni ya mvua na ya pepo: masika, kipupwe, vuli, kaskazi. Bermuda iko mbali upande wa kaskazini, na huko miezi ya baridi, ingawa haileti theluji, huleta pepo kali na maji yasiyotamanika. Mgeni aliyetoka London au New York ataoga baharini mwezi wa Aprili akifurahi. Mwenyeji atamtazama kutoka ufukoni amevaa sweta, akimsikitikia. Desturi yataka bahari isubiriwe hadi siku hiyo ya Mei. Ndipo watu hujitosa majini, mashua hushushwa, na wanaume hutoa kaptura zao kabatini na kwenda nazo kazini.

Ni nani basi aliyeichagua siku hiyo? Si jua, wala si wavuvi. Tangu zamani sikukuu hiyo ilikuwa 24 Mei, na 24 Mei 1819 ndiyo siku aliyozaliwa Malkia Victoria wa Uingereza. Malkia alipokufa mwaka 1901, siku yake ya kuzaliwa haikuzikwa naye. Ilifanywa Siku ya Dola, ikaadhimishwa kote ilikopepea bendera ya Kiingereza. Hapa kwetu pia, katika siku za ukoloni, watoto wa shule walipangwa mistari wakaiamkia bendera hiyo. Lengo lake halikufichwa: mtoto wa Kisumu, na wa Kingston, na wa Hamilton ambao ndio mji mkuu wa Bermuda, wote wajione watoto wa mama mmoja, ambaye hakumjua hata mmoja wao kwa jina.

Sasa tazama watu wa Bermuda walivyoitumia siku hiyo. Mwaka 1909 yalianzishwa mashindano ya mbio ndefu za miguu ya kukimbiwa 24 Mei, na mpaka leo mbio hizo ndizo kiini cha sikukuu. Siku hizi ni za nusu marathoni, yaani kilomita 21 na kidogo. Jamaa nzima hutoka alfajiri wakaketi kando ya barabara kumngojea mjomba au binti yao apite, na nchi ikiwa ndogo kiasi kile, hakuna apitaye asiyejulikana na mtu. Bandarini huanza mashindano ya mashua. Ni mashua fupi za futi 14, lakini hubebeshwa matanga makubwa kupita kiasi, hata mtu asiyezijua angeapa kuwa zitapinduka, na mara nyingine kweli hupinduka. Wakikaribia mwisho, upepo ukiwa nyuma yao, baadhi ya mabaharia hujirusha baharini kwa hiari yao ili chombo kiwe chepesi kikimbie. Niambie, msomaji, Malkia yuko wapi katika hayo? Kwenye kalenda alikuwapo. Barabarani na bandarini hakuonekana.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wale wasemao kwamba Siku ya Bermuda ilizaliwa mwaka 1979, ilipobadilishwa jina. Serikali ilibadilisha jina mwaka huo, ndiyo. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha kukaliwa na wenyewe miaka sabini nyuma. Kilichobaki ilikuwa kuandika mlangoni jina la wakaaji.

Ili uelewe kwa nini jina hilo lilichelewa, na kwa nini halikuja kwa amani, yakupasa ujue ni nani waliokaa humo. Waingereza walifika Bermuda mwaka 1609, merikebu yao iitwayo Sea Venture ilipopanda mwamba ikielekea Virginia. Wakakuta visiwa havina mtu. Mwaka 1612 wakaanzisha makazi, na haukupita muda mrefu wakaanza kuleta watumwa: Waafrika, na Wahindi Wekundu waliotekwa vitani Marekani. Huko ndiko alikozaliwa Mary Prince, mtumwa aliyepelekwa mwishowe London, akasimulia maisha yake. Na masimulizi hayo, yaliyochapishwa mwaka 1831, yakawa ya kwanza ya mwanamke mweusi kutolewa kitabuni Uingereza. Utumwa ulifutwa 1 Agosti 1834. Lakini waliofunguliwa minyororo hawakupewa nchi. Kura ilikuwa ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi katika wilaya kadhaa alipiga kura katika kila moja. Utawala ukabaki mikononi mwa familia chache za wafanya biashara Wazungu, wenye maduka katika Front Street, barabara inayoikabili bandari ya Hamilton. Watu wa kawaida waliwaita Wezi Arobaini, na sidhani kwamba wewe uliyesoma Alfu Lela Ulela wahitaji kuelezwa maana.

Bahari yenyewe, hiyo ambayo leo watu huifungulia majira kwa kicheko, haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1920 ilipitishwa sheria iliyoiruhusu kampuni moja kuchukua ardhi ya Tucker's Town, pande la pwani lililokaliwa na wakulima na wavuvi ambao wengi wao walikuwa weusi. Walilipwa, ni kweli, lakini asiyetaka kuuza hakuachiwa hiari. Makanisa yao na mashamba yao yakapisha kilabu cha golfu na hoteli ya watalii. Katika majumba ya sinema watu weusi walitengewa viti vyao, na katika hoteli kubwa waliingia kama watumishi, si kama wageni. Mwezi wa Juni 1959 watu wakasusia majumba ya sinema. Waliopanga mgomo huo walijificha hata majina yao yakabaki siri kwa muda wa miaka 40 hivi. Katika majuma machache tu ubaguzi wa viti ukaondolewa, na hoteli zikafungua milango. Uchaguzi wa kwanza ambamo kila mtu mzima alikuwa na kura moja, na hakuna aliyekuwa na mbili, ulifanywa mwaka 1968. Yaani wako watu wanaoishi leo waliokimbia mbio za 24 Mei wakiwa hawana kura katika nchi waliyoikimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kisha ikaja Desemba 1977. Watu wawili weusi waliohukumiwa kwa mauaji walinyongwa, ijapokuwa maelfu walikuwa wameomba wasinyongwe. Bermuda ikalipuka. Majengo yalichomwa, watu wakafa, hali ya hatari ikatangazwa, na askari wakaletwa kutoka Uingereza. Tume ya uchunguzi iliundwa, ikiongozwa na Lord Pitt, daktari mweusi mzaliwa wa Grenada, ili ipeleleze mizizi ya ghasia hizo. Na ni baada ya machafuko hayo, katika jitihada za kuwapatanisha watu, ndipo mwaka 1979 siku ya Dola ilipogeuzwa kuwa Siku ya Bermuda, na gwaride la urithi likaanza kupita mjini.

Msomaji mkali atanishika hapo hapo. Ataniambia: Mwalimu, umejifunga mwenyewe. Watu walidai haki wakapewa ngoma. Walitaka kazi, nyumba na mashamba, wakaambiwa wajipake rangi wacheze barabarani.

Hoja hiyo ina nguvu, na asiyeiogopa hajaitazama vizuri. Serikali nyingi duniani zimejaribu kununua utulivu kwa bei ya tarumbeta, wala sitakudanganya kwamba wakuu wa Bermuda walikuwa malaika. Lakini mwenye hoja hiyo anasahau kutazama gwaride lilipita wapi na nani aliyelitangulia. Lilipita Front Street, mbele ya milango ya maduka ya wale Wezi Arobaini. Na ndani yake walikuwamo Gombey.

Gombey ni wacheza ngoma. Huvaa vinyago, na juu ya vinyago kofia ndefu zilizochomekwa manyoya ya tausi, na mabegani majoho yenye vioo vidogo na nyuzi za rangi zinazoning'inia. Hupiga ngoma na firimbi, hushika pinde na vishoka kwa kumbukumbu ya wale Wahindi Wekundu, na nahodha wao huwaongoza kwa ishara ambazo mtazamaji hazijui. Watazamaji huwarushia sarafu. Wako wataalamu wanaodhani kwamba jina lenyewe lina asili ya Kibantu na kwamba lahusu ngoma. Ikiwa wamesema kweli, basi neno hilo ni la ukoo mmoja na letu, nalo lilivuka Atlantiki bila pasipoti. Katika enzi ya utumwa walicheza wakati wa Krismasi, walipopewa siku chache za kupumua. Na baadaye, kwa muda mrefu, waungwana wa mji waliwahesabu kuwa ni kelele za watu wasio na adabu. Baba alimfundisha mwana, kikundi kikarithiwa katika jamaa, na jambo hilo likaendelea pasipo tangazo la Gavana yeyote. Serikali haikuwapa Gombey hata pigo moja la ngoma mwaka 1979. Iliwafungulia barabara tu, na kwa kuwa ni barabara ile, nasema haikuwa zawadi ndogo. Haki nyingine zilizobaki zilikuwa bado zidaiwe, na zimeendelea kudaiwa. Mtu hapungukiwi na madai kwa sababu amecheza ngoma.

Sasa niwageukie wenye kudharau upande ule mwingine wa sikukuu, yaani kuogelea, kaptura na vyakula. Wanaona kwamba majira ya joto yameumeza urithi, na kwamba watu huja mjini kutafuta kivuli kizuri na soda baridi. Kweli, yako mambo ya kuchekesha. Siku kadhaa kabla ya gwaride watu huanza kubandika utepe wa gundi kando ya barabara, wakigawana ardhi ya umma kama wapimaji wa serikali, kila jamaa na kipande chake cha kuwekea viti. Kila mwaka hutokea ugomvi juu ya tepe hizo, na wakuu wa mji huwaonya watu, nao watu hubandika tena. Mimi nikiusikia ugomvi huo hufurahi. Waliohamishwa Tucker's Town waliondolewa, wapende wasipende. Mjukuu anayegombania mita mbili za Front Street amekwisha kujua kwamba barabara ile ni yake.

Na kaptura je? Hapa kwetu mwanamume mzima akiingia ofisini na kaptura ataulizwa kama suruali yake imeibiwa. Bermuda mkurugenzi wa benki huivaa kwa koti, tai, na soksi ndefu za kufika magotini, wala hakuna amchekaye. Vazi hilo lilitoka kwa askari wa Kiingereza waliotumikia nchi za joto, wale wale wa Dola ile ile. Wenyeji wakalichukua, wakalishona kwa kitambaa cha rangi ya waridi na ya manjano, wakaliwekea na tarehe ya kuanza kuvaliwa. Leo dunia nzima huliita kwa jina la Bermuda, na askari amesahauliwa. Ninyi vijana mnaotaka kila kitu cha mkoloni kitupwe, tazameni kaptura hiyo kwa makini: ni nani aliyeshinda?

Bahari pia ni urithi. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanaooga mwaka mpya wa jadi, hawatashangaa kusikia kwamba kuna taifa linaloanza majira yake kwa kuingia majini. Kwa nchi ambayo ardhi ya ufukoni iliwahi kuchukuliwa kutoka kwa wakazi wake, kuoga kwa pamoja siku moja iliyowekwa si mchezo mtupu.

Lipo jambo moja katika sikukuu hiyo lisilonipendeza, nami nitalitaja nisije nikafanana na mtangazaji wa watalii. Tangu mwaka 2018 siku hiyo imehamishwa kutoka 24 Mei hadi Ijumaa ya mwishoni mwa mwezi, ili watu wapate mapumziko marefu ya mwisho wa juma. Wengine watasema kwamba hivyo ndivyo Malkia alivyofukuzwa kabisa, kwa kuwa tarehe yake sasa huangukia siku ya kazi mara nyingi. Laiti ingekuwa hiyo ndiyo sababu! Lakini Malkia hakufukuzwa na wajukuu wa watumwa. Alisogezwa kando na haja ya kulala mpaka saa nne. Tarehe iliyokwisha kukimbiwa kwa zaidi ya miaka mia ilikuwa imekuwa yao, na mimi nisingeiachia kwa bei hiyo.

Nimesema nitaijibu hoja ya uhuru. Mwaka 1995 watu wa Bermuda waliulizwa kwa kura kama wanataka kujitawala kabisa, na karibu robo tatu ya waliopiga kura wakasema hapana. Basi huuliza wapinzani wangu, na wanachuo wangu wa ualimu ndio hodari zaidi wa kuuliza: hiyo ni sikukuu ya taifa gani, lisilo na kiti katika Umoja wa Mataifa? Sisi na Bermuda wapi na wapi? Mimi sikuwapo kwenye kura ile, na kama ningekuwapo ningepiga ya ndiyo. Lakini naona pia kwamba kazi ya kulijua taifa lao hawakuingoja bendera. Mwaka 2020 waliondoa katika kalenda jina la Somers, jemadari wa merikebu zile zilizoleta Waingereza wa kwanza, ambaye siku yake ilifuata ile ya kuadhimisha kufutwa kwa utumwa, wakaweka jina la Mary Prince. Mwanamke aliyewahi kuuzwa mnadani amechukua nafasi ya jemadari, katika nchi ambayo bado ina Gavana wa Kiingereza.

Sisi tunayo bendera, na kiti tunacho. Tunayo pia siku ya 10 Oktoba. Iliitwa kwa jina la Rais Moi. Katiba ya mwaka 2010 haikuitaja miongoni mwa sikukuu za kitaifa, ikadhaniwa imekufa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kisheria ingali hai. Ikaitwa Siku ya Huduma, kisha Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira. Huduma ni jambo jema, utamaduni ni jambo jema, na mti ni jambo jema. Sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo. Lakini niliwauliza wanachuo wangu sikukuu hiyo yaitwaje, nikapata majina manne, na kila mwenye lake aliapa kuwa ndilo sahihi. Nilipowauliza walichofanya siku yenyewe, jibu likawa moja: walifua nguo.